Supu ya Ukwaju ya Bibi Mwingine

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi ni mwanamke mwenye wivu, na sijawahi kuona haya kulisema. Mume wangu analijua hilo tangu uchumba. Lakini wivu ninaotaka kuusimulia hapa haukumhusu yeye, maskini ya Mungu, ambaye kutwa huegesha magari ya wageni wa hoteli na jioni hana nguvu ya kumtazama hata mwanamke wa kwenye runinga. Niliionea wivu supu. Supu, na bibi kizee mmoja aliyekuwa akiipika.

Kibaya zaidi, mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka binti yangu kwenye hiyo supu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, nikaachiwa nile peke yangu.

Tunakaa Alexandria ya Marekani, upande wa magharibi, kwenye maghorofa ambayo kila korido ina harufu ya nchi yake. Siku hiyo tulikuwa tumetoka kwa daktari wa meno, binti yangu kaondolewa vile vyuma alivyovaa tangu akiwa mdogo, baridi inakata masikio, na basi limetuacha tukilitazama. Nyuma ya kituo kuna safu ya maduka: dobi la mashine, duka la simu, na katikati yao palikuwa na mlango ambao nilikuwa nikiupita miaka yote nikidhani ni ofisi ya kusafirisha mizigo, kwa sababu kioo chake kilijaa matangazo ya maboksi ya kupeleka Manila, Ufilipino. Tukaingia ili tupate joto tu. Kumbe ni mgahawa.

Humo ndani chakula kimepangwa kwenye sinia za chuma nyuma ya kioo, nawe huulizwi jina la kitu, unanyoosha kidole tu. Nikanusa ukwaju. Mimi ni mtu wa Tanga, ukwaju hauwezi kunipita bila kunisalimia. Nikachungulia: wali, samaki mkavu, mboga za tui la nazi, kuku wa siki na vitunguu saumu, ndizi za kukaanga zenye sukari, na vitu kama sambusa vilivyosahau kukunjwa pembe. Nilijihisi nimeingia jikoni kwa shangazi yangu nikamkuta shangazi kabadilishwa sura. Nikafurahi, siwezi kukataa. Nikanyooshea kidole ile supu ya ukwaju, wenyewe wanaiita sinigang, nikachukua bakuli mbili.

Sasa mfahamu binti yangu. Nyumbani akila anakula kama mtu anayetumikia kifungo. Mchicha anausukuma pembeni, dagaa anawatazama kama wao ndio waliomkosea. Mchuzi wangu wa samaki wa ukwaju, ambao mama yangu alinifundisha na majirani walikuwa wakiuomba, alishaukataa tangu darasa la pili. Mkali, alisema. Siku ile mtoto huyohuyo alikunywa supu ya watu mpaka akainua bakuli kwa mikono miwili. Alipolishusha alikuwa na jasho puani na uso umemng'aa. Akanitazama, akaniambia kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakielewa chote lakini kujibu hajibu: "Mom, mbona wewe hupiki kitu kama hiki?"

Nikalipa, tukatoka kungojea basi.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajifariji, atazoea kisha atachoka. Hakuchoka. Akawa anapitia pale akitoka shule. Kabla majani hayajarudi kwenye miti, akaja na habari kwamba mwenye mgahawa amempa kazi ya Jumamosi, kupakua na kufuta meza. Baba yake akasema vizuri sana, mtoto ajue jasho. Mimi nikasema vizuri sana pia, kwa mdomo.

Jumamosi ya kwanza kabisa nilikwenda kumchukua. Nikasimama nje ya kioo, katikati ya matangazo ya maboksi. Ndani, karibu na kaunta, alikaa bibi mmoja mdogo, mweupe wa nywele, mama wa mwenye mgahawa, ndiye hasa aliyekuwa mpishi. Binti yangu alikuwa akiaga. Akamwendea yule bibi, akainama, akaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe. Kwa utulivu kabisa, bila kuambiwa, bila kuzungusha macho. Bibi akampapasa shavu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ndiyo desturi yao, mdogo humwendea mkubwa hivyo, akiingia na akitoka. Wakati ule sikuhitaji kuelezwa. Nilijua nilichokiona. Nilikuwa nimeiona shikamoo.

Hapa lazima nieleze. Kwetu salamu si mapambo. Mimi hadi leo nikimpigia mama yangu simu, hata kama kuna msiba, naanza na shikamoo. Binti yangu nilimfundisha akiwa hajajua kufunga viatu, na alikuwa akiitamka vizuri, kwa sauti ile ya watoto inayovuta mwisho. Kisha akaenda shule. Siku moja akaniuliza kwa nini lazima aanze yeye. Siku nyingine akaisema huku akitazama simu. Halafu ikawa "Hi, Mom," na mimi nikitoka kazini kwa wazee ninaowahudumia, mgongo hauna hali, nikawa sina nguvu ya kuigombania kila jioni. Ikafa. Kumbe haikufa, ilihamia mgahawani.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo nimewasemea watoto wa wenzangu mara nyingi, tena kwa raha. Usiku huo nilimwambia mume wangu nilichokiona, akacheka.

"Mke wangu, mtoto kafundishwa adabu bure, wewe unanuna?"

"Adabu ilikuwepo humu ndani," nikamjibu. "Alikuwa akiipita kila siku akienda kwenye friji."

Basi hapo ndipo sufuria ilipoingia. Mwanzoni binti alikuwa akirudi na chakula kwenye vile vikopo vya plastiki ambavyo mtu hutupa bila kufikiri. Lakini Jumamosi moja akaja amekumbatia sufuria, sufuria ya kweli, ndogo, yenye mfuniko na masikio mawili, imetumika mpaka pembeni imepauka. "Lola amekupa wewe," akasema. Lola ndiyo bibi kwa lugha yao. Binti yangu alilitamka kama jina la mtu wa ukoo. Ndani mlikuwa na kuku wa siki. Nilimla nimesimama, mlango wa friji wazi, bila kumwita mtu. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Kikopo cha plastiki hakina haki yoyote. Sufuria ya mtu ni jambo jingine. Kwetu haiwezi kurudi tupu. Ukikosa kabisa, unatia ndimu, unatia embe, ila mfuniko ukifunuliwa lazima kionekane kitu. Nami nilikuwa na la kuonyesha. Nikapika samaki wa kupaka, nikamchoma kwanza, nikamlaza kwenye tui zito, nikamtuma binti na sufuria. Moyoni nilisema: mpelekee Lola wako, ajue huyu mtoto hakuokotwa njiani.

Wiki iliyofuata sufuria ikarudi. Viazi, ndizi na muhogo vimepikwa kwa nazi na sukari. Futari! Sisi ni Wakristo, lakini ni nani wa Tanga ambaye hajala futari kwa jirani mwezi wa Ramadhani? Yule mwanamke alikuwa amenitumia utoto wangu ndani ya sufuria yake. Nikajibu kwa mkate wa kumimina. Akajibu kwa tambi za kukaanga zenye vipande vya ndimu juu. Nikajibu kwa pweza. Alhamisi natafuta nazi, Ijumaa niko jikoni mpaka miguu inavimba, na Jumamosi jioni nafunua mfuniko kwa mikono ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Nilichelewa kuona upuuzi wangu. Nilitaka mtoto aache kwenda kule, na kila wiki mimi ndiye niliyempa sababu ya kwenda, tena nikamfungia mzigo vizuri usimwagike.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, muuguzi, Mkenya, ndiye aliyenitamkia. Alikuja kuazima hamira akanikuta nakaanga.

"Wewe nawe!" akasema. "Si u-return tu hiyo sufuria ikiwa empty? Ata-get message on the spot. Unajistress na mathe wa wenyewe."

"Nyie wa bara mnaweza," nikamwambia. "Mimi nitamwambia nini mama yangu?"

"Mama yako ako Tanga! Ataambiwa na nani, sufuria?"

Sikuweza. Lakini kusema ukweli maneno yake yalinipa ujasiri wa nusu, nikaamua kutuma ujumbe kwa njia ya kwetu. Nikafungua sanduku, nikatoa kanga mpya niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya harusi, rangi ya machungwa, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Nikaifungashia sufuria, nikahakikisha maandishi yamekaa juu. Mtaani kwetu mwanamke akiletewa chakula ndani ya maneno hayo, jua halizami kabla hajajibu. Binti yangu akayasoma kwa kukokota, akaniuliza hasidi ni nini.

"Ni neno la zamani," nikasema. "Nenda, utachelewa."

Sufuria ilirudi. Kanga haikurudi. Nikasema, ujumbe umefika.

Jambo jingine lilikuwa likitokea nami silioni. Siku za Ijumaa binti alianza kusimama mlangoni mwa jikoni. Kwa nini samaki anachomwa kwanza? Iliki ngapi? Utajuaje kwamba tui limeiva? Nikadhani amekuja kunipeleleza kwa niaba ya adui, nikamjibu kwa mkato. Alikuwa akiandika kwenye simu, kisha anaondoka. Sikumwita arudi.

Shule ikakaribia kuisha. Binti alikuwa amepata chuo, mbali, safari ya ndege, na mwezi wa nane angeondoka. Tukaanza kupanga sherehe. Wangekuja jamaa wa Riverdale Park na wale wa Landover, na watu wa kanisani. Nilikuwa nimeshapanga kichwani pilau yangu, kachumbari, mishikaki, kila kitu mahali pake. Tukiwa mezani, binti akasema anataka Lola apike.

"Lola apike nini?" nikauliza.

"Chakula cha party. Ili wewe upumzike, Mom."

"Na pilau?"

Akatazama sahani yake. "Labda vyote viwili?"

Labda! Nikainuka, nikaenda bafuni, nikafungua maji nikalia. Mume wangu akagonga mlango, nikamwambia naoga. Sikuwa nalilia pilau. Nilikuwa nimekwisha kumwona binti yangu huko anakokwenda, kwenye kitanda cha chuo, ana homa, anatamani kitu cha nyumbani, na kitu hicho ni supu ya yule bibi. Nilimzaa mimi, nikambeba mgongoni nchi ya watu, halafu njaa yake ya nyumbani ichukuliwe na mwanamke mwingine. Hilo sikuwa tayari kulitoa.

Jumamosi ile nikaosha sufuria. Nikaisugua kwa chumvi na majivu ya makaa ya mishikaki mpaka ikang'aa kama ya bibi harusi, nikaikausha, nikafunika mfuniko. Tupu. Binti alikuwa ametangulia kazini. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikaibeba mwenyewe.

Saa za mchana mgahawa ulikuwa na watu, wamepanga foleni wananyoosha vidole. Yule bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na kaunta, nikamwendea. Alikuwa amevaa kanga yangu. Ameifunga kifuani, ameigeuza aproni, na maandishi yamemtua tumboni sawasawa, yananitazama. HASIDI HANA SABABU. Nikayasoma kama mtu anayesomewa mashtaka.

Nikaweka sufuria juu ya kaunta. "Hello," nikasema.

Alinitazama kwa upole, kichwa kaegemeza upande, kama anayesubiri kitu. Nami nikasubiri. Mwishowe akasema polepole, kwa matamshi safi ambayo watoto wa nusu ya Watanzania ninaowajua hawana:

"Marahaba."

Nilidhani masikio yangu yana kasoro. "Samahani?"

"Hujasema bado," akaniambia. Kiingereza chake na changu ni ndugu, vyote vimezaliwa mbali, tukaelewana. "Wewe ni mdogo kwangu. Mdogo anaanza. Binti yako ndivyo alivyonifundisha."

Akanieleza huku akipangusa mikono. Siku ya kwanza mtoto alipoona wajukuu wa pale wanavyomshika mkono, naye akaomba kufanya hivyo. Bibi akamuuliza, na kwenu je, mkubwa mnamwamkiaje? Basi binti akamfundisha neno lake, akamfundisha na jibu. Kila Jumamosi akiingia huushika mkono na kusema shikamoo, na bibi huitikia. "Anasema mama yake ni mkali sana kwa neno hilo," akaongeza. "Anaona fahari."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Kila Jumamosi! Shikamoo zangu, nilizozipanda mimi, nilizozililia mimi, zilikuwa zikivunwa hapa kati ya dobi na duka la simu, na bibi huyu akizipokea ameketi. Nilitaka kumnyang'anya. Na wakati huohuo nilikuwa nimesimama mbele ya mtu aliyelingana na mama yangu, nimevaa gauni la kanisani, na sijamwamkia. Mama yangu angenizika.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akaitikia, ameridhika.

Kisha akafunua mfuniko. Akachungulia ndani, akainama zaidi, akaupitisha mkono chini kana kwamba chakula kimejificha. Nikakaza uso. Hilo ndilo nililolijia.

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa kaunta. "Asante," akasema. "Asante sana. Nilikuwa nimechoka! Kila Ijumaa namwambia mwanangu, nitampikia nini tena yule mwanamke, hachoki? Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nilikuwa nakuogopa." Akapapasa kanga. "Halafu ukaniletea na nguo. Binti yako alisema mama huipeleka kwa mama mwenzake anayemheshimu. Nguo nzuri hivi, nitairudishia na nini mimi?"

Nikayatazama yale maandishi tumboni mwake. Sikumsahihisha.

"Kwenye sherehe," akasema, ameshusha sauti, "mimi nitaleta supu tu. Amenionyesha kwenye simu vyakula vyako vyote, namna vinavyopikwa. Anasema anakwenda navyo chuoni. Mimi siwezi kushindana na hivyo."

Wakati huo mlango wa jikoni ukasukumwa, binti yangu akatoka na sinia ya tambi. Akaniona. Akaiona sufuria wazi juu ya kaunta, akamtazama bibi, akanitazama tena.

Bila shaka siku nyingine mkono wa bibi ungekuwa umeshanyooka. Safari hii aliiingiza mikono yote miwili chini ya kanga yangu, akaificha, kisha akabinua midomo kunielekezea mimi, vilevile wanavyoelekeza wanawake wa kwetu mikono yao ikiwa na kazi.

Binti akaweka sinia chini. Sikujua atafanya nini, na sikumsaidia. Akazunguka kaunta, akaja mpaka mbele yangu, mrefu kunishinda, ananuka vitunguu saumu. Mkono wangu nilikuwa nimeukunja ngumi. Akaukunjua, akauinua mpaka kwenye paji la uso wake, akainama.

"Shikamoo, mama," akasema. Hakusema Mom.

Miaka yote nilivyolidai neno hilo, na lilipokuja nikachelewa kulijibu.

"Marahaba," nikasema.

Na bibi, kwa mazoea yake ya Jumamosi, naye akaitikia. Tuliitikia kwa pamoja, yeye kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Nikamkata jicho. Ile ilikuwa yangu.